Neno Dogo la Waswidi: "Ju"

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali simama karibu na ubao, maana leo yako maneno machache ya kuandika.

Somo letu la leo ni juu ya neno moja dogo sana. Lina herufi mbili tu. Si neno la Kiswahili. Ni neno la Kiswidi, lugha ya watu wa Uswidi, nchi iliyo kaskazini ya Ulaya. Neno lenyewe huandikwa hivi: j, u. Ju.

Labda mmoja wenu anauliza, "Ya nini sisi kujifunza neno la Waswidi, nasi hatuna safari ya kwenda huko?" Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kabla hatujaendelea. Ziko sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba Waswidi si wageni kwetu katika kazi hii ya elimu ya watu wazima. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, na mfano wake ulichukuliwa katika vyuo vya wananchi vya huko. Vyuo vya kwanza vya namna hiyo vilifunguliwa Uswidi mwaka 1868, ili vijana wa wakulima wapate elimu. Tena, vikundi vya kujisomea, ambamo watu huketi pamoja na kujadiliana kitabu au jambo, vilianza kuenea Uswidi tangu mwaka 1902, kwa juhudi za Bwana Oscar Olsson katika mji wa Lund. Watu hao wamezoea sana kukutana na kujadiliana. Na katika kujadiliana kwao, neno hili dogo "ju" husikika kila wakati.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Neno "ju" lina ndugu yake katika Kiswahili. Sisi twamtumia kila siku, nyumbani, sokoni na mkutanoni, lakini hatumtazami. Neno hili la Kiswidi, na huyo ndugu yake wa Kiswahili, yana nguvu moja ya ajabu: yaweza kumfanya mtu akubali jambo ambalo hakuulizwa kamwe. Mtu anayejifunza kusoma na kuandika anajifunza pia kuyapima maneno anayoambiwa. Ndiyo maana somo hili linatuhusu.

NENO LENYEWE

Haya, tuanze na matamshi. Katika Kiswidi herufi j haisomwi kama j ya "jambo". Husomwa kama y ya "yai". Kwa hiyo "ju" husomwa karibu na "yu". Ile u yao nayo si sawasawa na yetu. Wao hukaza midomo kama mtu anayepuliza moto, na ulimi husogea mbele kidogo. Lakini mkisema "yu" tu, Mswidi atafahamu.

Mwalimu, andika ubaoni sentensi hizi mbili:

Jag sa det.

Jag sa ju det.

Neno "jag" maana yake ni mimi. "Sa" ni nilisema. "Det" ni hilo. Sentensi ya kwanza basi ni "Nilisema hilo." Ni habari tu. Msemaji anatoa habari, na msikilizaji anaipokea.

Sentensi ya pili imeongezwa "ju". Je, habari imebadilika? La. Ni ile ile: mtu fulani alisema jambo fulani. Lakini mambo mengine yamebadilika. Sasa msemaji anamwambia mwenzake, "Nilisema hilo, na wewe wajua kwamba nilisema." Kwa Kiswahili hatusemi maneno mengi hivyo. Sisi twasema kwa kifupi, "Si nilisema!"

Mmemwona ndugu yake? Ndiye huyo: "si". Si hii haikani kitu. Tukitaka kukana twasema "sikusema". Lakini "Si nilisema" haina maana ya kwamba sikusema. Maana yake ni kwamba nilisema, nawe unafahamu hivyo. "Si nilikuambia mvua itanyesha!" "Si unamjua Juma!" "Si tulikubaliana jana!" Katika maneno yote hayo, msemaji haleti habari mpya. Anamkumbusha mwenzake jambo ambalo, kwa mawazo yake, wote wawili wanalo.

Kazi ya kwanza ya "ju" ni hiyo hiyo. Halitaji kitu, wala mtu, wala kitendo. Linaeleza mahali ilipo habari: kwamba haiko kwangu peke yangu, iko kwako pia.

MAHALI PAKE KATIKA SENTENSI

Kila neno lina kiti chake katika sentensi, na viti vya Kiswidi vimepangwa kwa utaratibu mkali. Bwana mmoja wa Denmark, jina lake Paul Diderichsen, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1946, alionyesha kwamba sentensi ya Kidenmark yaweza kugawanywa katika visanduku, na kila kisanduku kina maneno ya namna yake. Kiswidi ni jirani na jamaa wa Kidenmark, na njia hiyo yakifaa vile vile. Sisi nasi tutumie visanduku.

Mwalimu, chora ubaoni visanduku vinne katika mstari mmoja. Katika cha kwanza andika "Han". Katika cha pili andika "har". Katika cha tatu andika "ju inte". Katika cha nne andika "betalat".

Han – har – ju inte – betalat.

"Han" ni yeye. "Har" ni neno la kusaidia kitendo, linaloonyesha kwamba jambo limekwisha fanyika. "Inte" ni neno la kukana. "Betalat" ni lipa. Sentensi nzima basi ni "Si unajua hajalipa."

Tazameni vizuri. Kisanduku cha pili ndicho cha kitendo chenye wakati. Katika sentensi kuu ya Kiswidi inayotoa habari, kitendo hicho lazima kikae pale pale, mahali pa pili. "Ju" hukaa baada yake, na hukaa kabla ya neno la kukana. Mswidi hasemi "inte ju". Husema "ju inte". Kukana ni sehemu ya habari, na "ju" linaifunika habari nzima pamoja na kukana kwake.

Sasa tuanze sentensi kwa neno "nu", maana yake sasa:

Nu – har – han ju – betalat.

"Sasa si amelipa." Kitendo "har" kimebaki mahali pa pili, na "han" amerukia nyuma yake. Na "ju"? Bado liko baada ya kitendo. Halikwenda mbele.

Hapo ndipo ndugu wawili hawa wanapoachana. "Si" yetu hupenda kukaa mbele: "Si amelipa." Lakini "ju" haliwezi kabisa kufungua sentensi ya namna hii. Mtu akisema "Ju han har betalat", Mswidi atajua mara moja kwamba huyu ni mgeni katika lugha. Wala "ju" halikazwi kwa sauti. Hupita upesi na kwa wepesi, kama mtu anayepita mlangoni bila kubisha hodi. Wala halisimami peke yake. Ukiulizwa swali, huwezi kujibu "Ju" ukanyamaza.

Liko jambo moja zaidi juu ya mahali pake. Sentensi ikiwa ni tawi la sentensi nyingine, mpango hubadilika, na "ju" hutangulia kitendo:

eftersom han ju inte har betalat

Maana yake ni "kwa kuwa, kama ujuavyo, hajalipa". Neno "eftersom" ni kwa kuwa. Hapa "ju" na "inte" zimekuja kabla ya "har". Katika sentensi kuu zilikuwa baada yake. Wageni wanaojifunza Kiswidi husumbuka sana na jambo hili, lakini kwa mazoezi hulizoea.

MAHALI ISIPOFAA

Ili kuifahamu kazi ya neno, yafaa tuangalie pia mahali ambapo haliwezi kukaa.

Kwanza, "ju" halikai katika swali la kweli. Mswidi hawezi kuuliza, "Har han ju betalat?" Kwa nini? Kwa sababu anayeuliza hajui, na "ju" linasema kwamba sote twajua. Huwezi kusema "sijui" na "sote twajua" kwa pumzi moja.

Pili, halikai katika amri. "Kom!" maana yake ni "Njoo!" Hapana mtu asemaye "Kom ju!" Amri si habari. Haiwezi kuwa inajulikana au haijulikani. Ni ya kutiiwa au kukataliwa tu.

Basi sheria hizi mbili hazikutungwa na mwalimu wa sarufi ili kuwatesa wanafunzi. Zimetoka katika maana ya neno lenyewe. "Ju" hufuata habari, kama kupe afuatavyo ng'ombe. Pasipo na habari, halina pa kushika.

NDUGU ZAKE WA NYUMBANI

Katika Kiswidi "ju" lina wenzake wawili ambao hukaa katika kisanduku kile kile cha tatu. Nao ni "väl" na "nog". Mwalimu, andika sentensi hizi tatu moja chini ya nyingine:

Han har ju betalat.

Han har väl betalat?

Han har nog betalat.

Ya kwanza: "Si amelipa, wajua wewe." Habari iko kwetu sote.

Ya pili: "Amelipa, sivyo?" Msemaji anadhani kwamba amelipa, lakini anamwachia msikilizaji alithibitishe jambo. Habari iko kwako zaidi kuliko kwangu.

Ya tatu: "Nadhani amelipa." Msemaji anakisia mwenyewe. Habari iko kwangu, tena si kamili.

Mnaona jinsi kazi ilivyogawanywa. Mambo matatu, na kila jambo lina neno lake fupi. Sisi katika Kiswahili "si" yetu hufanya kazi ya "ju" na ya "väl" pia. "Si unakuja kesho?" tukiisema kwa sauti ya kuuliza, ni "väl". "Si unakuja kesho!" tukiisema kwa sauti ya kukumbusha, ni "ju". Sisi twatofautisha kwa sauti, na katika maandishi kwa alama ya kuuliza au ya mkazo. Ndiyo sababu anayeandika barua hana budi kuangalia alama zake. Msomaji haisikii sauti yako, anaona alama tu.

"Ju" lina kazi nyingine tena. Fikirini mtu anaingia nyumbani, nguo zake zinachuruzika maji. Mwenye nyumba anasema, "Men du är ju våt!" "Men" ni lakini, "du" ni wewe, "är" ni kitenzi cha kuwa, na "våt" ni mwenye kulowa. Hapa haikuwa habari ya zamani. Mwenye nyumba ameiona sasa hivi. Lakini iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, haina haja ya kuthibitishwa. Sisi twasema, "Mbona umelowa!" Na Mswidi akikutana ghafula na rafiki yake njiani, atasema, "Det är ju du!" Sisi tungesema, "Kumbe ni wewe!"

Kwa hiyo anayefasiri Kiswidi kwa Kiswahili hawezi kuchukua neno moja na kuliweka mahali pa "ju" kila mara. Pengine ni "si", pengine ni "mbona", pengine ni "kumbe", pengine ni "kama ujuavyo". Na pengine yafaa kuliacha kabisa. Lazima kwanza ajiulize: nani anajua nini katika mazungumzo haya?

LILIKOTOKA

Neno "ju" halikuzaliwa Uswidi. Lilitoka kwa Wajerumani wa pwani ya kaskazini, na katika lugha yao ya zamani lilikuwa na maana ya "daima". Katika karne ya 13 na ya 14, wafanyabiashara wa mji wa Lübeck na miji mingine ya Kijerumani walivuka bahari ya Baltiki, wakafanya biashara na kukaa katika miji kama Visby na Stockholm. Walileta chumvi na nguo, na walileta maneno. Kiswidi kilichukua maneno mengi sana kutoka kwao.

Jambo hilo halitushangazi sisi. Biashara ya pwani yetu na Waarabu ilituletea majina ya vitu kama sahani na sabuni, lakini pia ilituletea maneno madogo ya kuunganisha na kugeuza maana: lakini, bila, hata. Watu wakikaa pamoja muda mrefu, hawaazimani majina ya bidhaa tu. Huazimana pia namna ya kuongea.

Wataalamu wa Uswidi wameyaandika maneno yao kwa uangalifu. Taasisi yao kuu ya lugha, iitwayo Akademia ya Uswidi, ilianzishwa mwaka 1786. Kamusi yake kubwa ilianza kutolewa kwa vipande mwaka 1893, na ilikamilika mwaka 2023. Miaka 130! Mwaka 1999 Akademia hiyo ilitoa pia kitabu cha sarufi cha juzuu nne. Katika kazi kubwa kama hizo, maneno madogo hayadharauliwi. Yana nafasi yake.

ADABU YA NENO HILI

Sasa tufike kwenye matumizi yake kati ya watu. Tuanze na wema wake.

Fikirini mgeni anaongea na Mswidi, naye anamwambia, "Stockholm är Sveriges huvudstad." Yaani, "Stockholm ni mji mkuu wa Uswidi." Maneno ni ya kweli, sarufi ni safi. Lakini Mswidi anaweza kuudhika kidogo. Ni kama kwamba mgeni anamfundisha mtoto. Akitia "ju", akasema "Stockholm är ju Sveriges huvudstad", mambo hupoa. Sasa anasema, "Wewe wajua hilo, nami najua, nalitaja tu ili tuendelee na mazungumzo."

Basi "ju" ni neno la heshima. Humpa msikilizaji cheo cha mtu anayejua. Na heshima hiyo ina kazi kubwa huko, maana tangu mwisho wa miaka ya 1960 Waswidi wameacha kuitana kwa vyeo na majina marefu. Sasa mkubwa na mdogo, daktari na mgonjwa, karibu wote huitana "du", yaani wewe. Neno la wewe ni moja kwa wote. Basi mtu anayetaka kumpa mwenzake heshima yake hutafuta njia nyingine, na maneno madogo kama haya ni baadhi ya njia hizo.

Lakini heshima hiyo ikikosea njia, huwa lawama. Ukimwambia mtu, "Jag har ju köpt en bil", yaani "Si nimenunua gari", na yeye hakuwa na habari yo yote, atajiuliza, "Je, niliambiwa nikasahau? Au wenzangu wote wameambiwa isipokuwa mimi?" Utakuwa umempa cheo cha mtu anayejua, na hapo hapo umemwonyesha kwamba hajui.

HATARI YA NENO HILI

Hili ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke kuliko yote mengine.

Chukueni mfano wa mkutano wa wapangaji wa nyumba moja huko Uswidi. Paa linavuja. Mpangaji mmoja anaomba litengenezwe. Mwenyekiti anajibu, "Vi har ju inte råd." Maana yake ni, "Si mnajua hatuna uwezo wa fedha."

Lau angesema "Vi har inte råd" bila "ju", ingekuwa habari yake yeye. Mtu angeweza kuinuka na kuuliza, "Umejuaje? Hesabu iko wapi?" Hilo lingekuwa swali la kawaida. Lakini ameliingiza "ju". Sasa habari si yake tena. Ni ya mkutano mzima. Anayetaka kuuliza lazima kwanza akiri mbele ya watu kwamba yeye hakuwa akijua jambo ambalo, kwa maneno ya mwenyekiti, kila mtu analijua. Wengi huona haya. Hunyamaza. Na paa linaendelea kuvuja.

Huenda mwenyekiti hakuwa na nia mbaya. Huenda kweli aliamini kwamba wote wameziona hesabu. Lakini matokeo ni yale yale. Neno lenye herufi mbili limefunga mlango ambao hoja ingepitia.

Chukueni mfano mwingine, wa hospitali. Wako watu wengi wasemao Kiswahili ambao leo wanaishi Uswidi, kama vile waliotoka Kongo na Burundi. Tuseme mmoja wao anangojea kupasuliwa. Mwuguzi anamwambia, "Du får ju inte äta före operationen." Yaani, "Si unajua huruhusiwi kula kabla ya kupasuliwa." Mwuguzi anadhani mgonjwa amekwisha ambiwa. Mgonjwa hakuambiwa, na asubuhi hiyo amekunywa uji. Akiona haya, atatikisa kichwa tu. Na kula kabla ya kutiwa dawa ya usingizi kwaweza kuhatarisha maisha, maana chakula chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hapo jibu lifaalo ni fupi: "Nej, det visste jag inte." Yaani, "Hapana, hilo sikulijua." Maneno hayo hayana aibu hata kidogo. Yaweza kumwokoa.

Sasa tutoke Uswidi, turudi kwetu. Mara ngapi katika mikutano yetu tumesikia, "Si sote tunajua kwamba..." au "Kama mnavyofahamu..." au "Si tulikwisha kubaliana..."? Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli, na yanatuokolea muda. Haifai kumshuku kila mtu. Lakini mara nyingine ndani yake mmefichwa jambo ambalo hatukulijua, au hatukulikubali. Tuseme mweka hazina wa kamati ya kisima anasema, "Si mnajua ile fedha ilitumika kununua mabomba." Je, mnajua? Nani aliona risiti? Mabomba mangapi, kwa bei gani?

Njia ya kujilinda ni rahisi. Litoeni lile neno dogo, kisha itazameni sentensi iliyobaki. "Fedha ilitumika kununua mabomba." Sasa ni habari tupu, imesimama peke yake. Jiulizeni: je, hii naijua kweli? Niliijulia wapi? Kama mnaijua, vema, endeleeni. Kama hamwijui, ulizeni kwa adabu: "Samahani, Bwana Mweka Hazina, mimi hilo sikulijua. Tafadhali tueleze." Anayeuliza hivyo hamtukani mtu. Anarudisha jambo mahali pake, ili lijadiliwe.

"JU" YA PILI

Kabla hatujamaliza, niwatahadharishe kwa wale watakaokutana na Kiswidi siku moja. Iko "ju" nyingine, nayo hutembea na neno "desto". Hiyo hukaa mbele bila shida, na kazi yake ni kulinganisha, kama "kadiri" yetu. Waswidi wana methali isemayo, "Ju fler kockar, desto sämre soppa." Yaani, kadiri wapishi wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo mchuzi unavyozidi kuharibika. Sisi twasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Wao wameliona jambo hilo jikoni, sisi tumeliona baharini.

Basi mkiona "ju" mbele ya sentensi, na "desto" inafuata, jueni kwamba si yule tuliyemzungumza leo.

MAZOEZI YA DARASA

Mwalimu, andika ubaoni sentensi hizi tatu, darasa lizisome kwa sauti, mtu mmoja mmoja:

1. Si ulisema utaleta jembe leo!

2. Si utakuja harusini?

3. Si tumekubaliana kila nyumba itoe mchango.

Kisha jadilianeni maswali haya. Katika sentensi ipi msemaji anamkumbusha mwenzake, kama "ju"? Katika ipi anaomba athibitishiwe, kama "väl"? Sentensi ya tatu ikisemwa mkutanoni, nawe hukuwapo siku ya makubaliano, utajibu nini kwa adabu? Halafu kila mtu atoe "si" katika sentensi ya kwanza na ya tatu, aandike kilichobaki katika daftari lake, na aseme ni tofauti gani anaisikia.

Wiki hii, msikilizeni "si" mahali po pote mlipo: kisimani, dukani, katika basi, barazani. Kila mtu alete sentensi mbili alizozisikia, tena aeleze nani alikuwa anajua nini.

Hayo ndiyo ya leo. Kwa herini wanafunzi wote, kwa herini walimu, mpaka somo lijalo.